Chama Kinachokumbuka: Ujuzi, Uendelevu na Maamuzi katika Vyama Vyetu

Mhadhara kwa wanachama na viongozi wa vyama vya ushirika, kamati za maji na serikali za vijiji, Ngulyati, Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu



Mada niliyopewa ni njia za uongozi zinazoiwezesha taasisi kuongeza ujuzi wake, kuamua vizuri na kudumu. Vyuoni mada hii hufundishwa kwa maneno makubwa. Hapa Ngulyati nataka tuijadili kwa mambo tunayoyashika kwa mikono: pamba, malisho na maji. Hoja yangu ni moja, na ninaitaja mapema ili mnipime kwayo hadi mwisho. Chama kisichotunza kumbukumbu ya kazi yake hakiwezi kuamua vizuri, na chama kisichoamua vizuri hakidumu. Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa kiongozi ni kuhakikisha kwamba yale ambayo chama kinayajua yanabaki kuwa mali ya wanachama wote, hata yeye akiondoka kesho asubuhi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu tunausikia usemi huo tukifikiria fedha. Mimi nasema ujuzi nao ni mali, na ndio mali inayopotea kwa urahisi zaidi, kwa sababu ikipotea hakuna anayepiga yowe.

Tulikotoka: ushirika ulioanza na mizani

Tuanze na historia yetu wenyewe. Katika miaka ya mwisho ya 1940 na ya mwanzo ya 1950, mkulima wa Usukuma alibeba pamba yake hadi kwa mnunuzi. Mnunuzi alipima, mnunuzi alisoma mizani, mnunuzi alitaja malipo. Mkulima aliijua ardhi yake, aliijua mvua na aliwajua wadudu. Jambo moja hakulijua, nalo ndilo lililoamua kipato chake cha mwaka: uzito halisi wa mzigo wake.

Wakulima walifanya nini? Walichangishana na kuweka wapimaji wao, wapime pamba kabla haijafika kwa mnunuzi. Wakati huo hawakuwa na kinu cha kuchambua pamba, hawakuwa na ghala, hawakuwa na benki. Walianza kwa kumiliki namba wanayoiamini. Mwenye namba yake mkononi huzungumza na mnunuzi kwa sauti nyingine.

Kutoka hapo Paul Bomani na wenzake waliunda chama cha wakulima cha Jimbo la Ziwa mwaka 1952. Bomani alikwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika mwaka 1953 na 1954, akarudi, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililojulikana kwa herufi VFCU. Ndani ya miaka michache shirikisho hilo likawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vinavyomilikiwa na Waafrika barani, na Bomani mwenyewe akaja kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika. Tazameni mpangilio wa hatua zile: kwanza ujuzi wa uzito, kisha chama, kisha mafunzo ya kiongozi, kisha ukubwa. Ukubwa ulikuja mwisho.

Ukubwa huo ulipokuja, ujuzi wa mwanachama haukukua pamoja nao. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao nchini. Iliona kwamba wanachama wengi hawakuelewa mambo ya vyama vyao, watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, demokrasia ndani ya vyama vikuu ilikuwa dhaifu, na siasa ilikuwa imeingia mno katika uendeshaji. Mkizitazama kasoro hizo, mtaona kwamba karibu zote zina mzizi katika jambo tunalolijadili leo. Mwanachama asiyeelewa hesabu ya chama chake hawezi kumuuliza kiongozi swali la maana, na kiongozi asiyeulizwa huamua peke yake.

Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa. Mamlaka ya Pamba ikachukua ununuzi. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kurudisha ushirika, na mwaka 1984 vyama vikuu vikaanza upya, kikiwemo SHIRECU cha Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha Bariadi. Msimu wa 1994 soko likafunguliwa na kampuni binafsi zikaingia. Mwaka 2012 Simiyu ukawa mkoa. Sheria mpya ya Vyama vya Ushirika ikatungwa mwaka 2013, na kuanzia msimu wa 2018 serikali ikaagiza pamba inunuliwe kupitia AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima.

Mzee aliyezaliwa hapa mwaka 1950 ameiona mifumo yote hiyo kwa macho yake. Amemwona baba yake akiuza kwa ushirika, naye akauza kwa mamlaka ya serikali, kwa chama kikuu kilichofufuliwa, kwa wakala wa kampuni, na sasa kwa AMCOS. Kila mfumo ulipobadilika, mwajiri wa karani alibadilika, ofisi ya kutunzia vitabu ilibadilika, na bango la mlangoni likabadilika. Katika mazingira ya namna hiyo chama kinaanza upya mara nyingi, na kila kinapoanza upya kinalipa tena ada ya kosa ambalo lilikwisha kulipiwa. Ndugu zangu, sera zitabadilika tena. Hilo haliko mikononi mwa Ngulyati. Kilicho mikononi mwetu ni kama mabadiliko yajayo yatatukuta na kumbukumbu au yatatukuta mikono mitupu.

Ngitili: ujuzi uliokuwepo ukasahauliwa, ukarudi

Mfano wa pili unatoka katika malisho, na huu ninaupenda kwa sababu unaonyesha kwamba ujuzi uliopotea unaweza kurudishwa.

Wasukuma tangu zamani walikuwa na utaratibu wa ngitili. Mvua zinapoanza, eneo linafungwa. Majani na miti inaachwa ikue. Kiangazi kinapokaza na malisho ya nje yakiisha, eneo linafunguliwa, tena kwa sehemu, ili ng'ombe, hasa ndama na madume ya kulimia, wapate kula mpaka mvua zirudi. Utaratibu huu ulikuwa na mipaka inayojulikana, wenyewe wanaojulikana, na adhabu kwa anayeingiza mifugo kabla ya wakati.

Kisha yakaja mambo mengi kwa pamoja. Misitu ilifyekwa wakati wa ukoloni ili kufukuza mbung'o. Mashamba ya pamba yakapanuka. Mifugo ikaongezeka. Katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijijini, wakaziacha ngitili zao nyuma. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Shinyanga ya wakati ule, pamoja na huku kwetu, ilikuwa ardhi tupu. Mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza, ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikadiriwa kuwa na jumla ya hekta 600 tu.

Mwanzoni mradi uliweka nguvu nyingi katika vitalu na upandaji wa miti, mingi yake ya kigeni. Baadaye wataalamu wakawasikiliza wanavijiji, na wanavijiji wakasema: sisi tunayo njia yetu, turudishieni nafasi ya kuitumia. Ardhi ile haikuhitaji kupandwa kila hatua. Mizizi ilikuwa hai chini. Ilihitaji kufungwa, kulindwa na kuachwa. Kazi ya mtaalamu ikawa kuongeza elimu ya miti na ramani juu ya msingi ambao wazee walikuwa nao. Dagashida, mabaraza yetu ya jadi, yakashika kesi za wavunjaji wa kanuni, na sungusungu wakasaidia ulinzi. Serikali za vijiji zikatunga sheria ndogo.

Mradi ulipofungwa mwaka 2004, makadirio yalikuwa zaidi ya hekta 300,000 za ngitili katika vijiji 833. Utafiti uliofanywa wakati huo kwa ajili ya Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la uhifadhi la IUCN ulikadiria kwamba faida za ngitili, yaani kuni, malisho, dawa, asali, miti ya kujengea na mengineyo, zilikuwa na thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi. Hicho kilikuwa kiasi kikubwa kuliko wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini kwa mwezi.

Mwanazuoni wa Marekani, Elinor Ostrom, alitumia maisha yake kuchunguza jamii zinazotunza mali za pamoja: misitu, mifereji, maeneo ya uvuvi. Kitabu chake cha mwaka 1990 kilionyesha kwamba jamii zinazofanikiwa kwa muda mrefu zina mambo yanayofanana. Mipaka inajulikana. Kanuni zinalingana na mazingira ya pale. Wanaoathiriwa na kanuni wanashiriki kuzitunga. Kuna ukaguzi. Adhabu huanza ndogo na kupanda kadiri kosa linavyorudiwa. Kuna mahali pa karibu pa kusuluhisha ugomvi. Mwaka 2009 alipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi, mwanamke wa kwanza kuipata. Mzee wa hapa akisomewa orodha hiyo atasema, hii ni ngitili. Na atakuwa na haki.

Fundisho ninalolichukua hapa ni hili: uendelevu hauletwi na mfadhili anayekaa muda mrefu. Unaletwa na kanuni ambayo watu wanaijua, wanaikumbuka na wana uwezo wa kuisimamia baada ya mfadhili kuondoka.

Ujuzi wa aina mbili

Sasa niingie katika nadharia kidogo, kwa sababu itatusaidia kupanga kazi.

Mwaka 1995 wasomi wawili wa Japani, Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, walichapisha kitabu kuhusu namna kampuni zinavyotengeneza ujuzi. Walitenganisha ujuzi ulioandikwa, unaoweza kuwekwa katika kitabu au jedwali, na ujuzi ulioko katika mikono na macho ya mtu, ambao mwenyewe anautumia kila siku bila kuweza kuueleza wote. Walitoa mfano wa kampuni ya Matsushita, iliyotaka kutengeneza mashine ya kuoka mkate nyumbani. Mkate ulikuwa unatoka mbaya. Mtaalamu mmoja wa kampuni, Ikuko Tanaka, akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja mjini Osaka. Akamtazama akikanda, naye akakanda, mpaka akagundua namna mwokaji yule alivyokuwa akiuvuta na kuuzungusha unga. Akarudi kiwandani na ujuzi huo, mafundi wakauingiza katika mashine, na mkate ukatoka vizuri.

Hapa Bariadi ujuzi wa aina ya pili umejaa. Mama anayepalilia anaona jani la pamba na kujua kwamba chawa jani wameanza. Mtu aliyesimama kwenye mizani misimu kumi anaiona pamba yenye maji au mchanga kabla hajaifungua. Karani wa zamani anajua ni mwezi gani mnunuzi huanza kuchelewesha fedha, na ni swali gani linalomfanya asichelewe. Je, hayo yameandikwa wapi? Nani mwingine anayajua?

Chama kinachoutegemea ujuzi wa mtu mmoja ni ghala lenye ufunguo mmoja uliofungwa kiunoni mwa mlinzi. Akiugua, akihamia Mwanza, au akigombana na bodi, wenye mali wanabaki nje.

Wenzetu wa Meatu wanatupa mfano mzuri wa kuunganisha aina hizi mbili. Tangu mwaka 1994 mradi wa bioRe umekuwa ukifanya kazi na wakulima wa pamba isiyotumia kemikali za viwandani. Pamba ya namna hiyo haiuziki kwa bei yake bila ushahidi, kwa hiyo kila shamba lina kumbukumbu: nani analima, wapi, alipanda nini, alitumia nini, nani alikagua. Lakini kumbukumbu hizo huenda pamoja na mafunzo shambani, ambako mkulima humfundisha mwenzake kupanda alizeti kando ya pamba ili kuvutia wadudu wanaowala waharibifu. Daftari na shamba vinakwenda pamoja. Hakuna sababu ya AMCOS ya kawaida kushindwa kufanya jambo la namna hiyo kwa kiwango chake.

Kuamua kwa kuangalia

Kabla sijafika kwenye njia zenyewe, niseme neno kuhusu kuamua. Wataalamu wa pamba wanatufundisha tukague shamba kabla ya kupulizia dawa. Mkulima hupita shambani, huchagua mimea, huhesabu vitumba vilivyotobolewa na funza, na hesabu ikifika kiwango kilichowekwa ndipo anapulizia. Jirani yake hupulizia kwa sababu wiki mbili zimepita, au kwa sababu amemwona mwingine akipulizia. Huyu wa pili hutumia chupa nyingi zaidi, huua wadudu marafiki, na mwisho wa msimu hajui kama dawa ilimsaidia.

Vyama vyetu vingi huamua kama jirani yule. Tunaamua kwa sababu wakati umefika, au kwa sababu AMCOS ya kata nyingine imefanya hivyo, au kwa sababu mzungumzaji hodari amesimama. Kuamua kwa kuangalia ni tabia inayofundishika, na kila mkulima aliyekagua shamba lake tayari anaijua.

Njia tano zinazowezekana Ngulyati

Njia ya kwanza ni daftari la maamuzi. Muhtasari wa kikao tunao, nao huandika nani alihudhuria na nini kilikubaliwa. Mara nyingi hauandiki kwa nini. Daftari la maamuzi linaandika mambo sita: tarehe, jambo lililoamuliwa, njia nyingine zilizotajwa zikakataliwa, sababu, tunategemea nini kitokee, na lini tutarudi kuangalia. Ukurasa mmoja kwa uamuzi mmoja mkubwa unatosha.

Nisisitize faida yake kwa mkulima wa pamba. Kilimo chetu ni cha mvua. Bodi inaweza kuamua vizuri, mvua ikakatika mwezi Februari, na mavuno yakawa mabaya. Bodi nyingine inaweza kuamua ovyo, mvua ikanyesha vizuri, na ikasifiwa. Tukipima uamuzi kwa mavuno pekee, tutawaondoa viongozi wenye busara na kuwarudisha wenye bahati. Daftari linatuwezesha kuuliza swali la haki: kwa yale waliyoyajua siku ile, waliamua sawasawa? Swali hilo ndilo linalomfanya kiongozi ajifunze.

Njia ya pili ni kikao cha baada ya msimu. Jeshi la Marekani lilijenga desturi ya kukaa baada ya kila zoezi na kujiuliza maswali manne: tulikusudia nini, kilitokea nini, kwa nini kulikuwa na tofauti, na wakati ujao tufanye nini. Mashirika mengi duniani yameiga. Sisi tunao muda wake kamili, kati ya kufungwa kwa ununuzi na kuanza kupanda katikati ya Novemba. Kikao hiki kiwe na masharti mawili. La kwanza, kisiwe baraza la kuhukumu. Upotevu wa fedha una njia yake: wakaguzi wa vyama vya ushirika kutoka COASCO, Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na sheria. Tukichanganya mambo hayo, kila mtu atakuja na utetezi badala ya ukweli. La pili, wazungumze kwanza walio karibu na kazi, yaani wabeba magunia, wapimaji, makarani, akina mama wa mashambani. Mwenyekiti azungumze mwisho. Akianza yeye, wengine watamfuata kwa heshima, na chama kitapoteza walichokiona.

Njia ya tatu ni kuutafuta ubovu kabla ya kuanza. Mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Gary Klein, aliieleza mwaka 2007. Mpango ukishakamilika, na kabla fedha hazijatoka, kiongozi anawaambia wajumbe: tuseme sasa ni miaka miwili mbele, na mradi huu umekufa. Kila mmoja aseme sababu moja iliyouua. Chukueni mradi wa maji. Mkoa wetu una mradi mkubwa wa kuleta maji ya Ziwa Victoria na kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, uliopata idhini ya Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2017, ukishirikiana na benki ya maendeleo ya Ujerumani KfW na serikali yetu. Bomba likifika kijijini, mwenye kuliendesha ni chombo cha watumia maji chini ya uangalizi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Wajumbe wa chombo hicho waulizwe: kituo chetu kimekauka, nini kilikiua? Mmoja atasema fundi alikuwa mmoja akahama. Mwingine, fedha za matengenezo zilikopeshwa zisirudi. Mwingine, koki ilivunjwa na ng'ombe kwa sababu hapakuwa na birika la mifugo. Kila jibu ni kazi ya kufanya kabla ya siku ya uzinduzi. Tena njia hii inaheshimu adabu zetu. Kijana anayeona kasoro katika mpango wa wazee haonekani anapinga, kwa kuwa ameombwa aitaje.

Njia ya nne ni kurithisha kazi. Kila kazi muhimu ya chama iwe na watu wawili wanaoijua: kupima, kuandika stakabadhi, kushughulika na benki, kutunza orodha ya wanaodaiwa pembejeo. Msaidizi akae na mwenye kazi msimu mzima wa ununuzi, kwa kuwa aina ile ya ujuzi wa mikono haipatikani kwa maelezo ya saa moja. Na bodi inapomaliza muda wake, makabidhiano yawe ya maandishi na ya mdomo: vitabu, funguo, mikataba, madeni, na mazungumzo ya wazi kuhusu mambo yaliyowasumbua. Bodi mpya isiyouliza bodi ya zamani kwa sababu ya ugomvi wa uchaguzi inajinyima elimu ambayo wanachama wamekwisha kuilipia.

Njia ya tano ni kuweka namba hadharani. Ubao ukutani, kila juma la msimu: kilo zilizopokelewa, bei, fedha zilizoingia, fedha zilizolipwa, deni lililobaki. Sasa upo mfumo wa kielektroniki wa usimamizi wa vyama vya ushirika, MUVU, nami ninauunga mkono. Lakini kompyuta inatunza kile kilichoingizwa. Mwanachama anayesoma ubao ndiye anayegundua kwamba gunia lake halimo. Wapimaji wa miaka ya 1950 hawakuificha namba. Waliisoma mbele ya mwenye pamba. Hiyo ndiyo asili ya ushirika wetu.

Vikwazo tunavyopaswa kuvikabili

Najua mtaniambia, hayo yote yana gharama. Gharama ya daftari na ubao ni ndogo. Kikwazo kikubwa ni woga na usiri. Wako watu ambao ujuzi ndio ngao yao: wakiugawa, wanaona watabaki bila nafasi. Chama kiwaheshimu watu hao kwa kuwapa kazi ya ualimu, na kiwalipe posho kwa kufundisha kama kinavyolipa posho kwa vikao. Mtu akiona kwamba kufundisha kunampa heshima, ataacha kuficha.

Kikwazo kingine ni kuwaacha nje wanawake. Katika kaya nyingi kadi ya uanachama ina jina la mume, wakati palizi, ukaguzi wa wadudu na uchumaji hufanywa kwa sehemu kubwa na mke. Matokeo yake ni kwamba mwenye ujuzi hayuko mkutanoni, na aliyeko mkutanoni anaeleza alichosimuliwa. Hili ni jambo la haki, na pia ni jambo la ubora wa maamuzi. Bodi inayotaka kujua kwa nini mbegu hazikuota lazima imuulize aliyezifukia.

Na kikwazo cha mwisho ni amri zinazotoka juu zikiwa zimechelewa au zimegeuka. Hapo pia kumbukumbu ni silaha ya amani. Chama chenye takwimu za misimu mitano za tarehe ya kufika mbegu, kilo kwa ekari na siku za kusubiri malipo kinaweza kukaa mbele ya Bodi ya Pamba au Halmashauri na kujenga hoja. Chama chenye malalamiko matupu husikilizwa kwa upole, kisha huagwa.

Wito

Ndugu zangu wa Ngulyati, babu zetu waliweka mpimaji wao kwenye mizani kabla hawajawa na chochote kingine, na wazee wetu waliirudisha ngitili katika ardhi iliyokuwa tupu. Hatukosi mfano wa kuiga. Tunachokosa ni desturi ya kila msimu.

Kwa hiyo naomba mambo matatu yafanyike kabla mbegu za msimu ujao hazijagawiwa. Kila AMCOS ifungue daftari la maamuzi na kuandika ukurasa wake wa kwanza. Kila bodi iitishe kikao cha baada ya msimu, na wazungumze kwanza wale ambao hawajawahi kupewa nafasi. Kila karani, mpimaji na fundi wa maji apewe kijana au mama mmoja wa kukaa naye na kujifunza kazi yake. Wanachama, msisubiri viongozi waanze. Katika mkutano mkuu ujao simameni muulize daftari liko wapi, na mkilipata, ombeni lisomwe.